Tandu wa Ilomba

Julai, Ilomba, baridi ya kulala na soksi. Mama mwenye nyumba wangu alikuwa na mayai 12 ya kienyeji. Mimi nilikuwa na laptopu ya mtumba na mdomo. Nikamwahidi mashine ya kutotolesha, itakayoshika nyuzijoto 37.5 kwa siku 21 bila kusinzia. Tangu hapo shikamoo yangu ya asubuhi ikawa inajibiwa, "Marahaba, mashine imefika wapi?"

Ilikuwa imefika kwenye miguu. Ubongo wa mashine ni kidude kiitwacho ATmega328P, chenye miguu 28, nami niliamua kukichora mwenyewe kwenye KiCad, programu ya bure ya kuchorea saketi iliyoanzishwa na Mfaransa Jean-Pierre Charras mwaka 1992. Unachora boksi, unabonyeza P, unaandika jina la mguu na namba yake, unaubandika. Mara 28. Nilipofika wa 26, umeme ukakatika. Betri ya laptopu ilishajifia zamani, na kuhifadhi kazi nilikuwa nimekupangia mwisho.

Kesho yake nikaanza upya, nikamaliza, nikavuta waya hadi ncha ya kila mguu, nikaiambia programu ikague. Ikasema hakuna mguu hata mmoja ulioungwa. Nikakuza mchoro: waya umegusa kabisa! Nikakagua gridi, maana nilishasikia kwamba ukiiacha ile ya milimita 1.27, waya hugusa kwa macho tu. Gridi haina neno. Nikaifunga programu na kuifungua, kama mtu anayeipiga redio kofi.

Mama akaingia na kikombe cha chai, akainamia kioo.

"Mwanangu, huyu tandu?"

"Ndiyo mashine yako, mama."

"Mbona nyayo zake ziko tumboni?"

Nikatazama. Kila mguu una kiduara upande mmoja, na waya hushika hapo tu. Viduara vyangu vyote 28 vilikuwa ndani ya boksi. Siku nzima nilikuwa naunga waya mahali pasipo na kitu. R mara mbili, mguu ukageuka. Kisha unaofuata, na unaofuata.

Jioni, nikitafuta rezista kwenye maktaba ya programu, nikakutana na ATmega328P imekwishachorwa, miguu yote nje. Mama sikumwambia. Naye hakuniambia kwamba mayai alishampelekea tetea wa jirani. Hilo nililijua siku niliyoanza kulehemu, niliposikia vifaranga uani.