Mheshimiwa 0x80070005

Wengine wanasifu mvua, wengine timu zao. Mimi leo namsifu Mheshimiwa 0x80070005, msimbo wa hitilafu wa Windows, jina la nyumbani Ruhusa Imekataliwa. Ukoo wake ni wa zamani. Hiyo 5 ya mwisho ndiyo ileile iliyokuwa ikiwanyima watu faili enzi za MS-DOS, miaka ya 1980. Mawaziri wameteuliwa na kutenguliwa, yeye kiti chake hajakiachia.

Makazi yake mojawapo ni kwenye klasta za Hyper-V, programu ya Microsoft ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta zinazoishi ndani ya seva. Klasta ni seva mbili au zaidi zinazotumia hifadhi moja, ili moja ikizimika, mashine pepe zilizokuwa juu yake ziamkie kwenye nyingine. Diski ya mashine pepe ni faili tu, na seva zote zinaliona. Lakini kila mashine ina kitambulisho chake, na kitambulisho hicho sharti kiwemo kwenye orodha ya wenye ruhusa ya faili hilo. Fundi akilirudisha faili kwa kulinakili kwa mkono kutoka kwenye akiba, linafika zima, halijapungua hata baiti moja, ila jina la mashine limebaki lilikotoka. Washa sasa uone. Mheshimiwa huyo hapo.

Sifa yake kuu ni kwamba hana upendeleo. Mwambie wewe ndiye msimamizi mkuu wa mfumo. Hasikii. Faili unaweza kulihamisha, hata kulifuta ukitaka, lakini hapa mwomba ruhusa si wewe, ni mashine, na mashine haimo. Angewekwa mlangoni ukumbini, bwana harusi angelala nje, maana kadi wanapewa waliochangia, na bwana harusi hakuchangia. Shangazi angelia. MC angetangaza kwa kipaza sauti. Wazee wangeombwa waseme neno. Wangemletea sahani ya pilau kumlainisha, naye angeuliza kama pilau limo kwenye orodha.

Nyingine nazitaja kwa haraka: hajui sikukuu, hachoki kukesha, na hajawahi kudai posho.

Hata dawa yake haina makuu. Unaiondoa diski kwenye mashine, unaiunganisha upya kupitia programu ya usimamizi, na mfumo wenyewe unaandika jina linalotakiwa. Wenye haraka hutumia amri ya icacls. (Asichanganywe na jirani yake 0x80070020, anayesema faili limeshikwa na mwingine, huyo unamsaka aliyelishika, na mara nyingi ni programu ya kuhifadhi nakala.) Kazi ya dakika chache.

Dakika chache, kama nywila unayo!

Kwenye ofisi moja mjini Dodoma, ambayo siitaji, nywila anayo bwana mmoja. Serikali iliamua kuhamia Dodoma mwaka 1973, safari yenyewe ikashika kasi 2016. Mashine pepe huhama seva kwa sekunde kadhaa, lakini tusilinganishe, mashine haina familia Dar. Bwana huyu anayo. Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024, Ijumaa mchana kiti chake kinabaki na koti tu. Meza zimehama, makabati yamehama, seva zimehama. Ruhusa ndiyo haijapata nyumba Dodoma.

Ijumaa moja nimekaa nyuma ya kaunta nikimsubiri apokee simu, akaingia mzee wa kwetu Buigiri. Alikuwa amefuata karatasi ya kiwanja. Stakabadhi zake zilikunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko umefungwa kwa mpira.

“Shikamoo babu. Mtandao unasumbua, njoo Jumatatu,” dada wa kaunta akamwambia, bila kuupokea mfuko wala karatasi.

Mtandao ulikuwa mzima! Dada mwenyewe alikuwa akitazama tamthilia kwenye simu kwa mtandao huohuo wa ofisi. Kilichopungua ni mtu mmoja kuandika jina moja kwenye orodha. Ila haambiwi mzee kwamba bosi kaondoka na ufunguo. Anaambiwa mtandao, kwa kuwa mtandao hauna mdomo wa kujitetea, na mzee naye hana pa kushtakia.

Nilimsindikiza hadi nje.

“Hivi mjukuu wangu, huo mtandao umekwenda wapi?”

“Dar, babu. Unarudi na treni ya Jumatatu.”

Akauliza treni hiyo inaingia saa ngapi.