Kopo Moja la Maji

"Shikamoo, mzee," alisema kijana, mikono nyuma kwa adabu. Kisha, mbele ya meza ya Wajerumani wanne waliokuwa wakila uji wa shayiri, akaongeza: "Samahani, ni wewe uliyetia maji chooni?"

Hiyo ilikuwa majuzi, kwenye kambi ya utalii rafiki wa mazingira huko milimani Lushoto, na masikio yangu hayajapoa. Ningekana, lakini kopo lilikuwa chini ya kiti changu. Nilikuwa nimetoka jikoni kuomba maji mengine.

Kijana alinipeleka nyuma ya choo akanifungulia kifuniko, nami, aibu na yote, nikajikuta nimechutama namsikiliza kama mwanafunzi. Choo kile ni kazi ya akili. Kiti kina njia mbili: ya mbele inapeleka haja ndogo kwenye dumu, ya nyuma inaangusha haja kubwa kwenye chumba kikavu. Hazitakiwi kukutana. Zikikutana, urea ya mkojo inageuka amonia, na hapo ndipo ule ukali unaokutoa machozi unapozaliwa. Ukimaliza unamwaga majivu na maranda. Majivu yanakausha na kuua vijidudu, maranda yanaacha nafasi za hewa na kuwapa bakteria kaboni. Bakteria wakipata kaboni, naitrojeni na hewa ya kutosha, wanakula mpaka lundo linapata joto lenyewe, na likipita nyuzi 50 kwa siku za kutosha, hata mayai ya minyoo hayana ujanja. Bomba jeusi la hewa linapigwa jua, hewa ndani yake inapanda, na harufu inapanda nayo. Nzi akifuata mwanga wa juu anakuta wavu, anafia hapo. Vyumba ni viwili: kimoja kikijaa kinafungwa mwaka mzima, mnahamia cha pili.

Sasa mpe mashine hiyo mtu wa Tanga na kopo lake. Maji yanaziba nafasi za hewa, bakteria wazuri wanakosa pumzi, wanaingia wale wasiotaka hewa, na wale kazi yao ni kunuka. Kopo moja, kijana alisema, lingesameheka. Mimi nilikuwa na siku tatu pale, na tumbo halikuwa zuri.

"Lakini mzee, maelezo yako ukutani."

Yako kweli, kwa Kiingereza na Kijerumani. Kiswahili kiko mlangoni tu: Karibu.

Hapo kicheko kilinitoka. Fomu ya kambi iliniuliza kama nakula nyama, kama maziwa yananidhuru, kama ngano inanisumbua. Hakuna aliyefikiria kwamba mgeni anayelipa anaweza kuwa mtu anayetawaza. Mlinzi wa getini naye, siku niliyofika, aliniuliza wageni wangu wako wapi, maana aliniona dereva. Bibi yangu Muheza alikuwa na choo cha majivu, kandili na maji ya kuoga ya ndoo, bwana afya akimtishia faini kila mwaka. Mimi nimelipa kwa dola, kwa usiku, kupata vilevile alivyokuwa navyo bibi. Na kijana anayenifundisha habari za bakteria analala kibanda cha nyuma kisicho hata na taa ya sola kama yangu.

Taa yenyewe ilizimika saa mbili usiku.

Wakati wa kuondoka kila mgeni alipewa mfuko mdogo wa kitambaa wa mbolea iliyokomaa, kwa shukrani. Haina harufu kabisa, ni nyeusi na inamong'onyoka kama udongo wa msituni. Niliinusa mara mbili, kwa heshima. Nimeichanganya kwenye tuta la mchicha nyuma ya nyumba. Mke wangu aliuliza ni nini, nikamwambia udongo wa Lushoto. Mchicha unatoka vizuri sana, na Jumapili wakwe wa dada yangu wanakuja kula.