Kimbia! Usikimbie!

Kwenye soka mambo ni wazi: ukipaisha penalti, unashika kichwa, wenzako wanakupigapiga mgongoni, maisha yanaendelea. Hebu nenda sasa kwenye uwanja wowote wa softiboli ya watoto hapa Houston, Jumamosi asubuhi. Utamwona binti wa miaka kumi na moja amekosa mpira mara tatu, machozi yanamlengalenga, gongo analiburuza kuelekea benchi, na ghafla nusu ya jukwaa inamfokea akimbie. Nusu nyingine inamfokea asithubutu. Wote wana hakika, na wengi wao hawajui wanachokisema.

Chanzo cha zogo hilo ni straiki ya tatu isiyodakwa. Nyuma ya mpigaji huchuchumaa mdakaji, mtoto aliyevikwa kinga usoni, kifuani na miguuni. Mpigaji akikosa mara ya tatu, mdakaji anatakiwa aupokee mpira ukiwa bado hewani. Ukimponyoka, au ukidunda chini kabla ya kuingia kwenye glovu, hata kama baada ya kudunda ameunyaka vizuri sana, kazi yake haijaisha. Mpigaji anaruhusiwa kutimua mbio kwenda besi ya kwanza, na wapinzani inabidi wamguse kwa mpira au waufikishe mpira kwenye besi hiyo kabla yake.

Hapo ni pepesi. Tatizo ni kwamba ruhusa hiyo ipo tu kama besi ya kwanza haina mtu. Au kama tayari zimeshapatikana auti mbili, yaani wenzake wawili wameshatolewa, na hapo hata besi zote zikijaa, mpigaji anakimbia. Mtoto anatakiwa ayapige mahesabu hayo huku analia.

Binti yangu alianzia ngazi ya Minor ya Little League, ligi ya watoto, ambako sheria hii haitumiki. Straiki tatu, umetoka, nenda kanywe maji. Alipopanda Major ikaanza kutumika. Watoto walifundishwa mazoezini. Sisi wazazi tulipewa ratiba ya nani alete machungwa.

Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, nasi tukampeleka uwanjani akamwone mjukuu. Tukamketisha kwenye benchi la aluminiamu, khanga mbili chini yake, maana jua la huku likishaipata aluminiamu hata yai linaiva. Zamu ya mjukuu ikafika. Straiki ya kwanza, ya pili. Mpira wa tatu ukadunda mchangani kabla ya kufika, na binti yangu akaupiga upepo. Akageuka aondoke. Kocha wake akapiga yowe, naye akachomoka na gongo mkononi, kofia ngumu imemshuka mpaka puani. Mdakaji wa wapinzani, mtoto wa watu, akauokota mpira na kuurusha kwa nguvu zake zote. Ukapita juu ya mwenzake wa besi ya kwanza, ukaenda kutulia kwenye uzio. Binti yangu akaunganisha besi ya pili, akaunganisha ya tatu, akasimama pale anahema na kucheka, kamasi bado usoni.

Jukwaa likalipuka kwa shangwe. Pembeni yetu, mzazi aliyekuwa akiandika kitabu cha matokeo akachora herufi K, maana yake mpigaji kashindwa.

"Huyu mtoto kafaulu au kafeli?" mama akaniuliza.

"Kafeli, mama."

"Mbona yuko kule mbele?"

Ndivyo hesabu za mchezo huu zilivyo. Mrushaji anahesabiwa kwamba amemshinda mpigaji, hata kama mpigaji mwenyewe amekwishafika besi na anapunga mkono. Kwa sababu hiyo mrushaji mmoja anaweza kuandikiwa ushindi wa namna hiyo mara nne katika kipindi chenye auti tatu. Hilo sikumwambia mama. Ana presha.

Mkenya mmoja, mzazi mwenzetu mzaliwa wa Mombasa, akajitolea kuokoa jahazi. "Shikamoo mama. Naomba nikueleze."

"Marahaba mwanangu, nieleze, maana huyu wangu hajui kitu."

Watazamaji wa mchezo huu hutafuna mbegu za alizeti kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo vifaa vya kufundishia vilikuwepo. Akapanga mbegu kwenye benchi: hii besi ya kwanza, hii ya pili, hii ya tatu, huyu mpigaji. Akaenda vizuri mpaka alipofika kwenye sharti la besi ya kwanza kuwa tupu. Mama akamuuliza kwa nini. Yule bwana akakohoa, akaisogeza mbegu moja, akairudisha. Upepo ukaipeperusha besi ya pili.

Sababu ipo, na tulikuja kuipata kwa kocha. Mpigaji akiruhusiwa kukimbia, aliyeko besi ya kwanza analazimika kumpisha na kwenda ya pili. Mdakaji mjanja angeuangusha mpira makusudi, akaurusha besi ya pili, nao wakaurusha ya kwanza, na kwa kosa la mpigaji mmoja wangetolewa wawili. Sheria ikaufunga mlango huo: besi ya kwanza ikiwa na mtu, mpigaji ametoka, basi.

Mama ameuza khanga sokoni miaka mingi. "Kumbe wamezuia utapeli," akasema. "Na zikishakuwa auti mbili?"

Kabla kocha hajajibu, akajijibu mwenyewe: "Ah, imebaki moja tu. Aangushe asiangushe, anapata hiyo hiyo moja. Utapeli wa nini tena?"

Kocha alitaka nimtafsirie. Nilipomtafsiria, alivua kofia. Yule Mkenya akaziangalia mbegu zake, akazila zote, za besi na za wachezaji.

Jumamosi iliyofuata ikawa zamu yetu kuumia. Mpinzani mmoja yuko besi ya kwanza, auti moja, mpigaji wao akakosa mara ya tatu na mpira ukamponyoka mdakaji wetu. Kisheria mpigaji yule alikuwa ametoka palepale. Lakini jukwaa lao likampigia kelele akimbie, akakimbia. Jukwaa letu likampigia mdakaji kelele arushe, akarusha. Mwamuzi amenyoosha ngumi juu, anapaza sauti kwamba mpigaji ametoka, nani wa kumsikia? Mpira ukaishia uwanja wa kulia, na yule aliyekuwa besi ya kwanza akafika ya tatu kihalali kabisa, kwa sababu mpira ulikuwa bado hai. Tulimkimbiza maiti, aliye hai akapita. Baba mmoja wa upande wetu akashuka kwenda kubishana na mwamuzi, akaelekezwa kwa upole akaketi kwenye gari lake.

Mdakaji wetu alilia mpaka kinga ya uso ikalowa. Natamani angejua walioumbuka kabla yake kwenye besiboli, yenye sheria hiyohiyo. Oktoba 5, 1941, fainali za ubingwa wa Marekani, uwanja wa Ebbets Field, Brooklyn: Dodgers wanaongoza 4-3, kipindi cha tisa, auti mbili, na Tommy Henrich wa Yankees anakosa straiki ya tatu. Mechi ingeishia hapo. Mpira ukampita mdakaji Mickey Owen, Henrich akafika besi ya kwanza, na Yankees wakashinda 7-4. Kesho yake wakabeba ubingwa. Mwaka 2005 ikawa zamu ya mdakaji Josh Paul wa Angels. Aliamini ameudaka mpira wa straiki ya tatu, akauviringisha kuelekea katikati ya uwanja na kuondoka zake. Mpigaji, A.J. Pierzynski wa White Sox, alishapiga hatua kuelekea benchi, akageuka, akakimbia. White Sox wakashinda mechi ile 2-1, na mwaka huo ubingwa ukawa wao. Watu bado wanabishana kama mpira ule uligusa mchanga. Paul angemgusa tu yule bwana kwa glovu, ubishi usingekuwepo, na yeye kazi hiyo alikuwa akiifanya kwa mshahara.

Basi, mzazi mwenzangu, mpira wa tatu ukidunda na damu ikakuchemka, kabla hujafungua kinywa tazama kama besi ya kwanza ina mtu, kisha hesabu auti ni ngapi. Ukimaliza kuhesabu utakuta mtoto ama amefika, ama ametolewa, na kocha ameshamwambia la kufanya. Kaa chini utafune mbegu zako.