Kilosa ya Mezani

Wanaume wa rika langu wana njia zao za kupoteza fedha, na hakuna anayewasumbua. Mmoja alilima matikiti Mkuranga kwa njia ya simu. Msimamizi akamtumia picha za matikiti ya jirani mpaka msimu ukaisha. Mwingine alifuga kware wakafa, akahamia sungura nao wakafa, sasa anatafuta mtaji wa kambale. Hawa husalimiwa kwa heshima na huitwa wajasiriamali. Mimi nimejenga reli yenye upana wa milimita 9 juu ya meza ya chakula, na tayari familia imeitisha kikao.

Nieleze kwanza, maana najua unavyoniangalia. Hii si treni ya kuchezea. (Mke wangu akifika hapa atacheka.) Ni modeli ya kipimo cha 1:160, yaani kila kitu cha duniani unakigawa kwa 160. Mtu wa mita 1.6 anabaki sentimita moja. Behewa la mita 20 linabaki sentimita 12 na nusu. Kitu pekee kinachokataa kugawanyika ni gharama. Yenyewe inafika kama ilivyo, na posta juu yake.

Mtindo ninaoufuata unaitwa T-TRAK, na ulianzia Japani, kwa watu wanaojua maana ya kukaa chumba kidogo. Hujengi jukwaa kubwa lisilopita mlangoni. Unatengeneza vijisanduku vya mbao viitwavyo moduli, kila kimoja na kipande chake cha reli na mandhari yake, unavipanga mezani, reli zinashikana zenyewe, treni inapita. Ukimaliza unavitenganisha na kuvirudisha uvunguni. Kijisanduku cha kawaida kina urefu wa milimita 308, na reli iliyo juu yake ina milimita 310, ili ichomoze milimita moja kila upande ikutane na ya jirani. Uzuri wote wa mtindo huu umo kwenye hizo milimita mbili.

Fundi seremala alikuwa na maoni yake.

"Bosi," aliniambia, penseli iko sikioni, "milimita mbili ni vumbi la msumeno."

"Fundi, hizo mbili ndiyo kazi yenyewe."

"Ikizidi tutapiga randa, ikipungua tutaziba na pati. Mimi nimetengeneza makabati ya wakubwa, sembuse hivi vijidroo?"

Akaniletea cha 310, cha 312, na kimoja ambacho sitaki kukizungumzia. Tena kwa mapenzi yake, bila kuombwa, akavitia nakshi ya mawimbi mbele na ubavuni, kwa kuwa kazi haiwezi kutoka kwenye karakana yake ikiwa kavu. Nakshi ya ubavuni ndiyo iliyozuia kijisanduku kisimsogelee mwenzake. Kuiondoa, nikaambiwa, ni kazi ya ziada.

Nilichagua kujenga kipande cha Reli ya Kati pale Kilosa. Utotoni nilipita hapo kila tulipokwenda kwa bibi Tabora, nikaupenda ule Mto Mkondoa unaojikunja pembeni ya reli, vilima nyuma, na mashamba ya mkonge yaliyonyooka mistari. Kujenga Ulaya kungekuwa rahisi, maana madukani vitu vyote vinavyouzwa ni vya huko. Unanunua misonobari kwa pakiti, nyumba zenye mapaa ya mteremko mkali ili theluji iteleze, na kanisa lenye mnara. Mkonge hauuzwi. Mbuyu hauuzwi. Banda la mama ntilie ndiyo kabisa. Watu wa sentimita moja wapo, lakini wote wamevaa kama wanaosubiri baridi, na pakiti ya watu sita ni bei ya kuku wawili wa kienyeji.

Kwa hiyo nimekaa chini ya taa, na brashi yenye nywele tatu, kuwapa watu hawa uraia. Yule bibi wa koti zito la kufika miguuni nimempaka rangi nyeusi kuanzia utosini, sasa ni mama wa buibui, amependeza. Bwana aliyebeba vibao vya kutelezea kwenye theluji alinisumbua zaidi. Vibao vimenatishwa begani, ukivikata unamkata na sikio. Mwisho nikavipaka kijani na zambarau, nikaweka vifundo kwa ncha ya pini. Anauza miwa.

Majani marefu nimeyapata kwenye kamba ya katani. Unaikata vipande vya milimita 6, hiyo ni mita moja ya kwao, unavichovya kwenye chai ya rangi na kuvisimika kwa gundi kimoja kimoja. Kwa hiyo mkonge halisi umekuwa nyasi, na mkonge wa shambani umetengenezwa kwa karatasi. Vichaka ni dodoki lililokatwakatwa. Dodoki hilo lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa bafuni akilitafuta.

Tatizo likaja kwenye udongo. Rangi ya dukani haifanani na udongo wa kwetu, nikaona njia bora ni kuupata wenyewe. Nikampigia shemeji yangu anayeishi Kilosa.

"Shemeji, ukija huku nibebee udongo kidogo. Kilo moja tu."

Kimya. "Udongo?"

"Ee. Wa karibu na stesheni, pale watu wanapopita kwa wingi. Umelainika vizuri."

"Pale watu wanapokanyaga?"

"Hapo hapo. Usiwe umenyeshewa. Na ufunge kwenye kitambaa, mfuko wa nailoni unatoa jasho."

Akasema amesikia. Jioni ile ile simu ya mama mkwe ikaingia. Mama mkwe hanipigii mimi, humpigia binti yake. "Baba," akaanza kwa sauti ya chini, "kwani kazini kuna mtu anakusumbua? Sema. Sisi ni wazazi wako." Nikamwambia mama, udongo ni wa treni. Akanyamaza kidogo, akasema ataniombea.

Udongo ulifika, shemeji akauacha getini na hakuingia ndani. Sasa, udongo wowote una chembechembe za chuma, na mota ya kichwa cha treni ina sumaku. Chembe zikinyonywa humo, mota inakwama. Lazima kwanza uusafishe kwa sumaku. Mchana nina ajira, kwa hiyo kazi hiyo niliifanya usiku. Umeme ulikuwa umekatika, nikawasha mshumaa, nikatoka uani kwenye upepo. Nikachuchumaa, kifua wazi kwa ajili ya joto. Udongo nikautandaza kwenye ungo, nikawa nazungusha sumaku juu yake taratibu, nahesabu mizunguko kimoyomoyo, midomo ikicheza. Dirisha la jirani likafunguka. Akaniona mimi, akauona mshumaa, akauona ungo. Dirisha likafungwa.

Asubuhi aligonga mlango akanirudishia pesa ya gesi aliyonizungusha nayo tangu Ramadhani. Alinipa kwa mikono miwili.

Kokoto za reli nazo zina mambo yake. Jiwe la sentimita 5, kwa kipimo hiki, ni theluthi moja ya milimita. Huo ni mchanga uliopita kwenye chekeche la unga, na sitaingia kwenye mjadala wa chekeche ni la nani. Unaumwaga kati ya mataruma, unausambaza kwa brashi mpaka utulie, kisha unaugandisha kwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, na tone la sabuni ya kuoshea vyombo. Bila sabuni maji hujikunja juu ya vumbi kama shanga na hayazami. Kudondosha ni kwa bomba la sindano, tone baada ya tone, pumzi umeibana. Mwanangu wa mwisho alisimama akaniangalia, akanihurumia, akachukua kikombe chenye gundi akamimina chote mara moja. "Baba, nimekusaidia."

Mataruma yakaelea. Ukingo wa mto ukaondoka na shamba la mkonge. Muuza miwa alipatikana chini ya daraja.

Nilikuwa bado nakausha kwa feni alipofika mzee mmoja mstaafu wa reli, wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, ambaye habari zilimfikia kwa njia ninazozijua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Iko wapi hiyo reli?"

Hakukaa. Aliinama mpaka shavu likagusa meza, akafumba jicho moja, akaitazama njia kwa urefu wake kama alivyofanya maisha yake yote. Kisha akaomba rula.

"Hii njia ni pana."

Nilijua siku hiyo itafika. Milimita 9 mara 160 ni milimita 1,440. Reli ya zamani iliyopita Kilosa ina mita moja kamili. Kwa kipimo changu ingetakiwa milimita 6 na robo, na huko hakuna duka, ni kuchonga kila kitu kwa mkono. Nilitegemea kwamba mtaa mzima hauna mtu wa kupima.

"Umejenga SGR," mzee akasema. SGR ina milimita 1,435, na kweli nayo inapita Kilosa. Hapo huna pa kutokea. "Sasa kama ni SGR, nguzo ziko wapi? Nyaya ziko wapi? Na hiki kichwa cha moshi kimefuata nini kwenye reli ya umeme?"

Nikajaribu kumwonyesha mama wa buibui. Hakumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye kijisanduku kilichofurika, reli imepinda, tope limekauka juu ya mataruma. Akakinyanyua kwa mikono yote miwili.

"Hapa umepatia," akasema. "Kilosa kwenda Gulwe, mvua za masika. Hivi hivi." Kwa kuwa kipande kile kinajulikana kwa kuchukuliwa na maji, na yeye anasema amelala nacho usiku mwingi akiwa na koleo, nikaagizwa nisikirekebishe. Sasa nina moduli moja isiyopitisha treni, kwa amri.

Wageni wengine hawana utaalamu, wana maoni tu. Binamu aliuliza Mlima Kilimanjaro nimeuweka wapi. Nikamwambia Kilosa hakuna Kilimanjaro. Akasema kwani shida iko wapi, ni mlima wetu. Haya, mita 5,895 gawa kwa 160, unapata karibu mita 37, jengo la ghorofa 12. Mwenye nyumba wangu hataki hata msumari ukutani. Watoto wanalalamikia mwendo. Treni ya SGR inakwenda kilomita 160 kwa saa. Ukigawa unapata kilomita moja kwa saa, na hiyo ndiyo kasi yake ya haki hapo mezani. "Baba, inatambaa." Ndiyo inavyotakiwa. Nikitoka chumbani nasikia mota inalia, kisha kishindo, kisha kimya cha watoto watatu.

Mke wangu yeye ana hoja moja, lakini anaijua vizuri. Amesoma mahali kwamba Wajerumani walianza reli Dar es Salaam 1905, wakafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. "Miaka tisa wamefika Kigoma," anasema, akipitisha sahani juu ya stesheni yangu, "na wewe hujatoka Kilosa." Nikamwonyesha video ya Miniatur Wunderland ya Hamburg, iliyofunguliwa 2001 na wale mapacha Frederik na Gerrit Braun, ili aone kwamba watu wazima wenye akili zao wanafanya haya. Aliangalia mpaka mwisho, akapenda, hasa ule uwanja wa ndege. Kisha akauliza wale wanalipwa na nani. Nikasema watazamaji hukata tiketi. Akaangalia watazamaji wangu, walikuwa wanakula mihogo juu ya Mkondoa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba moduli zangu, zile zilizopona kwa fundi, zinaweza kuungana na za mtu yeyote duniani aliyefuata vipimo hivyo hivyo. Mtu wa Osaka akija na zake leo, tunaunganisha, treni inatoka Kilosa inaingia Osaka bila pasipoti. Ila mtaani kwetu hakuna wa Osaka. Chama kina mwanachama mmoja, naye anadaiwa ada.

Jumamosi meza ilitakiwa kwa kikao cha harusi ya mpwa wangu. Hapo ndipo mtindo wa Kijapani uliponilipa: dakika chache Kilosa yote ikawa uvunguni, isipokuwa vijisanduku vinne nilivyoviacha juu ya kabati kwa sababu gundi ilikuwa mbichi. Mwenyekiti wa kamati akaviona. Akauliza kama treni inatembea kweli. Mtoto, bila kuulizwa, akaiwasha.

"Mjomba," mwenyekiti akasema, macho yanang'aa, "hii si inaweza kuleta keki?"

Nikaeleza kwamba kichwa chenyewe hakifiki gramu 100. Kwamba behewa linabeba punje ya haragwe, na kwenye kona hata hiyo inadondoka. Kwamba ukumbi una mita 30 kutoka meza kuu hadi kwa wazazi, na mimi nina mita moja na sentimita 24. Hakuna aliyesikiliza. Walikuwa wameshafika kwenye MC atakayetangaza treni ya Kigoma inaingia jukwaani, na kwenye muziki utakaopigwa, na mama mkwe, ambaye alikuwa mweka hazina, akauliza kwa sauti ya chini kama udongo nao utakuwepo.

Nimeletewa muhtasari. Mchango wangu uko palepale kama wa wajomba wengine. Chini ya usafiri wameandika: "Keki: treni ya mjomba, bure." Neno la mwisho limepigiwa mstari mara mbili.