Tanuri Lisilosema Uongo

Kisu kikipinda kwenye nyanya, usikitukane kisu. Utukane moto uliokipika. Mafundi wa jua kali wa Kitale na Bungoma wana chuma kizuri ajabu: springi ya lori iliyobeba mahindi hadi ikachoka, mara nyingi yenye kaboni ya asilimia 0.6 hivi, inayotosha kabisa kushika makali. Kinachowaponyoka ni nyuzi chache za joto. Sumaku huacha kushika chuma kwenye nyuzi 770 hivi, lakini springi inataka karibu 830. Hizo 60 za katikati sumaku haizijui. Kwa hiyo wewe unayetafuta tanuri la umeme utie visu matiko nyumbani, shika neno hili: hununui sanduku, unanunua kipimo.

Kwanza, pima kisu, si fahari yako. Tanuri pana la kuchomea vyungu litakuvutia, ila kumlaza mjusi kwenye kitanda cha tembo ni kupasha hewa moto bure. Kisu cha jikoni chenye bapa la sentimita 20 na mkia wa 12 unaoingia mpinini kinataka chumba chembamba, kina chake sentimita 40 hivi. Panga waachie wenye makaa. Ukiliingiza nusu litakuwa gumu nusu, na nusu ya panga ni fimbo.

Pili, sema na soketi. Stima yetu ni volti 240. Plagi ya ampea 13 hubeba wati 3,000 na kidogo, nayo huchemka ukiielemea saa nzima. Chagua tanuri la wati 2,500 au pungufu. Ukitaka kubwa zaidi, mwite fundi wa stima mwenye leseni alivutie waya wake peke yake. Lile la bei poa lililoundiwa volti 120 za Marekani liache huko huko: hapa koili zake zitavuta nguvu mara nne, ziungue. Na mlango ukifunguliwa, stima ya koili ikatike yenyewe. Koleo la chuma likigusa koili iliyo hai, kisu hutakihitaji tena.

Tatu, lishtaki tanuri, uite mashahidi wawili. Wa kwanza ni maji. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Bungoma, iliyo chini zaidi, ni 95 hivi. Weka lengo la kidhibiti kwenye sifuri ili koili zisiwake, chovya ncha ya themokapo, kipimajoto cha tanuri, kwenye sufuria inayotokota, usome. Muuzaji wa Kitale akikuonyesha 100 kwa majigambo, kipimo chake kimedanganya kwa nyuzi sita mchana kweupe.

Shahidi wa pili ni chumvi ya mezani, inayoyeyuka kwenye nyuzi 801. Tia chembe chache kwenye kibati kilichobonyea, kiweke chini ya themokapo, upande polepole kutoka 780. Chumvi itakaa nyeupe na kavu, imekataa katakata. Kisha, kufumba na kufumbua, inakuwa tone linalong'aa kama chozi. Soma namba papo hapo. Tofauti iandike ukutani, na kila siku uihesabu. Halafu toa chumvi, maana mvuke wake hula koili.

Nne, zima stima makusudi. Mvua ikinyesha itazimika tu, kwa hiyo jaribu kabla ya kulipa. Stima ikirudi, tanuri jema hukaa kimya likikungoja. Lile linalowaka upya wewe ukiwa sokoni litakiacha kisu kwenye nyuzi 830 jioni nzima: chembe za chuma zitakua, kaboni ya ngozi itaungua, na kisu kitavunjika kama biskuti.

Tano, lipe kazi. Nyuzi 830, dakika 10, kisha mafuta yaliyopashwa hadi 50 hivi. Maji yaache, hupasua. Pitisha tupa kwenye makali: ikiteleza kama juu ya kioo, umefaulu. Usishangilie bado. Mara moja kirudishe kisu kwenye nyuzi 200 kwa saa mbili, kipoe, kisha saa mbili tena, ugumu upate ustahimilivu.

Wahunzi wa zamani wa nchi hii, Wasamia wakiwa mashuhuri kati yao, walisoma joto kwa rangi ya chuma. Jicho la namna hiyo hulelewa kwa miaka mingi kando ya mivuo, na wewe unataka kisu Jumamosi. Basi jicho unaliazima dukani, na jicho la kuazima sharti likaguliwe. Huko Bungoma, kila Agosti ya mwaka wa shufwa, kisu kiitwacho lukembe hutolewa kuwatahiri vijana wa Kibukusu, na hakuna mzazi anayekubali lukembe butu kwa mwanawe. Kagua tanuri lako kwa ukali wa mzazi huyo.