Maji ni Maji

Mama mkwe alitua Minneapolis katikati ya Januari akitokea Tanga, miguuni kandambili. Soksi alivaa, ndiyo, ila juu ya soksi kandambili. Kimoyomoyo namwita Mkuu wa Mkoa, maana akiingia sebuleni hata televisheni hupunguza sauti. Wala hakuja kwangu. Shemeji yangu alikuwa amejifungua Des Moines, na arobaini haingojei theluji iyeyuke. Mimi nilikuwa dereva tu.

Njia ni moja, Interstate 35, kama kilomita 390, saa tatu na nusu ukienda kistaarabu. Tulipanga kuondoka saa moja asubuhi. Tukaondoka saa nne, kwa sababu Bibi Kwanini, binti yangu wa miaka mitano, alishafungwa kama mzigo wa mitumba, ovaroli, glavu, kofia na skafu, ndipo akatangaza haja ndogo. Wenye watoto mnanielewa. Sufuria la pilau nalo lilipewa kiti cha mbele, kwa amri ya Mkuu wa Mkoa, likafungwa mkanda. Mke wangu akarudi nyuma na watoto.

Sasa nikuungamie. Mwezi wa kumi Waziri wa Fedha, huyo mke wangu anayekagua mpaka risiti ya nyanya, aliniambia ninunue yale maji ya buluu ya kuoshea kioo cha gari, yasiyoganda. Dola nne galoni moja! Nikajaza ya bomba. Maji ni maji, nikasema, tena kwa sauti, mbele ya mashahidi.

Huku kwenye theluji barabara humwagiwa chumvi, na malori huirudisha usoni pako ikiwa tope. Likikauka, kioo kinakuwa sufuria iliyounguza uji. Nikabonyeza. Kimya. Waipa zikalisambaza vizuri zaidi.

"Baba, nje hasi 18," akatangaza mwanangu Redio. "Maji huganda sifuri."

"Najua."

"Na chumvi nayo hushindwa baridi ikizidi hasi tisa."

"Salim, nimesema najua."

Waziri wa Fedha alikuwa akitazama dirishani, midomo kaibana. Ningeomba anigombeze tu.

Sheli ya Owatonna nikachukua chupa ya chai nimwagie kioo. Mkuu wa Mkoa akaninyang'anya. "Baba Salim, chai ya moto kwenye kioo cha baridi? Hata glasi ya mgahawani hupasuka!" Nikasalimu amri, nikavuta kitambaa cha kwanza nilichokipapasa kiti cha nyuma, nikasugua kwa hasira mpaka nikaona ng'ambo. Redio akasoma maandishi: "Hongera Mama." Ilikuwa doti mpya ya mzazi.

Hapo tukanyamaza wote, hata Redio.

Nikanunua maji ya buluu, dola nane pale barabarani, na hayakuingia, kwa kuwa tangi lilikuwa donge la barafu. Basi kila njia ya kutokea nilichepuka, nikashuka na galoni mkononi, nikaosha kioo kama vijana wa kwenye foleni za mataa, ila wao hulipwa. Iowa, minara ya umeme wa upepo ilipojitokeza, Bibi Kwanini akauliza kwa nini wamewasha mapangaboi na baridi yote hii. Nikamwambia amuulize mama yake. Mama yake akamwambia amuulize baba, yeye ndiye bingwa wa baridi.

Tulifika saa kumi na moja jioni. Nilimpakata mtoto, mzuri kweli, pua ya kwao. Mkuu wa Mkoa alikuwa jikoni na simu. Pilau halijafunuliwa, yangu ikalia: mama yangu mzazi, kutoka Tanga.

"Mwanangu," akasema, "eti dola nne?"