Hotuba ya Bingwa Asiye na Shaka

Bingwa aliyesimama mbele yenu ameacha shughuli zake nyingi ili aje kuwafundisha uainishaji wa dinosaria, elimu aliyoipata mwenyewe bila kusumbua chuo chochote. Vyeti ni vya watu wenye mashaka.

Mtazameni huyu Elaphrosaurus. Alifukuliwa Tendaguru, bara ya Lindi, katika msafara wa Wajerumani wa 1909 hadi 1913. (Walioshika majembe ni vibarua wenyeji, na wapagazi ndio walioibeba mifupa mpaka pwani, lakini ni nadra mno jina la mmoja wao kupewa mnyama.) Werner Janensch akampa jina mwaka 1920. Shingo ipo, nyonga ipo, miguu ipo. Fuvu hakuna! Makumbusho ya Berlin yalipomsimamisha, yakampachika kichwa cha kubuni.

Hapo ndipo vituko vilipoanza. Wenye vyeti waliiona miguu yake mirefu na myembamba, wakamtia katika ukoo wa dinosaria wanaofanana na mbuni, wale wa Asia na Amerika Kaskazini. Baadaye akapelekwa kwa jamaa wa Coelophysis. Kisha kwa jamaa wa Ceratosaurus. Mwaka 2016 Oliver Rauhut na Matthew Carrano wakamchunguza upya, wakamweka katika jamii ya Noasauridae. Marehemu wa miaka milioni 150 amepata uhamisho mwingi kuliko mwalimu wa shule ya msingi!

Na utetezi wao ni upi? Eti miguu ya mbio huweza kujitokeza katika koo zisizo na undugu wa karibu, kwa hiyo haitoshi kumtambulisha mtu. Lazima zilinganishwe sifa nyingi, za pingili, za nyonga, za nyayo, ionekane zipi zimerithiwa kwa babu mmoja. Kiungo kisichopatikana wanakiandikia alama ya kuuliza kwenye jedwali. Alama ya kuuliza! Bingwa wenu hajawahi kuitumia tangu azaliwe.

Mwaka 2009 akatangazwa Limusaurus wa China, jamaa mwenye fuvu lake kamili. Ikaja kubainika kwamba watoto wake walikuwa na meno, wakubwa vibogoyo. Basi sasa wanasema huenda hata Elaphrosaurus wetu, aliyechorwa miaka yote akiwinda, alikuwa akila majani. Huenda!

Habari ya Nyasasaurus ndiyo aibu tupu. Mifupa yake iliokotwa miaka ya 1930 katika bonde la Ruhuhu, upande wa Ziwa Nyasa: mfupa wa juu wa mkono na pingili chache. Pingili nyingine zinazohesabiwa kuwa za aina hiyohiyo zimo Cape Town. Jina rasmi likapatikana 2013, miaka milioni 243 hivi baada ya msiba. Mfupa wa mkono una ukingo mrefu wa kushikia misuli, kama wa dinosaria, na ndani yake kuna dalili za kukua haraka. Hukumu ya wataalamu: ama ni dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, ama ni ndugu yao wa karibu tu. Bingwa angeimaliza kesi hii kwa dakika mbili, Tanzania ikachukua kombe lake, watu wakaenda nyumbani.

Ndiyo, binti wa kiti cha nyuma? Unauliza kama Bingwa amewahi kuushika mfupa hata mmoja? Swali zuri sana. Mshereheshaji, ile chai imefikia wapi?